Wageni katika Mji wa Unguja



Kila mwaka vijana wa kwetu Masasi na Newala hufunga mizigo yao wakaenda kukaa katika miji ya ugenini. Wako waendao Nairobi, wako wavukao Ruvuma kwenda miji ya Msumbiji, na wachache hupata bahati ya kwenda kusoma Ulaya. Kabla ya kuondoka huja kwetu walimu wakatuuliza, "Mwalimu, tuchukue nini?" Nasi kwa muda mrefu tulikuwa tukiwajibu habari za blanketi, sabuni na barua ya kujulisha. Sasa twaona kwamba jibu lile lilikuwa pungufu, maana blanketi hununuliwa po pote. Leo tumeonelea tuwasimulie jinsi sisi wenyewe tulivyokuwa wageni katika mji mmoja, na jinsi tulivyoona haya pasipostahili haya, hata mwenzetu akakaribia kutupotea.

Mji wenyewe ni Unguja. Huenda mtu akasema, "Ah, Unguja nako ni ugenini?" Ni kweli kwamba tangu tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ni nchi moja. Lakini kabla ya hapo mtu wa Masasi aliyevuka bahari alikwenda nchi ya watu, yenye Sultani wake na stampu zake. Hata fedha hazikuwa moja, kwa kuwa Unguja walitumia rupia mpaka mwaka 1936, na huku bara tulikwisha zoea shilingi. Nasi tulipokwenda, ijapokuwa bendera ilikuwa moja, ugeni wetu ulikuwa ugeni mtupu.

Tulikuwa walimu watatu, tumepelekwa huko kusoma kwa muda wa miezi sita. Wawili tulikuwa watu wazima, mmoja wa Masasi na mmoja wa Newala. Wa tatu alikuwa kijana aliyemaliza mafunzo yake karibuni, Myao wa Masasi, mpole, mwenye akili kutupita sisi. Ukoo wake ulikuwa umetoa fedha za korosho za msimu mzima ili apate nauli na nguo. Jambo hilo mlikumbuke, maana lilimlemea safari yote.

Njiani tulipita Mnazi Mmoja, pale karibu na Mingoyo, njia ya Masasi inapokutana na njia ya Lindi. Tulipofika Dar es Salaam tukaambiwa tumngojee ndugu yetu mmoja Mnazi Mmoja, tukacheka. Tena tuliposhuka Unguja tukaelezwa kwamba chumba chetu kiko Kikwajuni, "mkishapita Mnazi Mmoja." Mwenzetu wa Newala akasema, "Basi mnazi huu watufuata!" Hicho kilikuwa kicheko chetu cha mwisho kwa siku nyingi.

Maana palepale karibu na bandari ya Malindi tulikutana na mahamali wakisukuma magari yao ya mizigo katika njia nyembamba, nao wapiga kelele, "Habedari! Habedari!" Neno hilo hatukupata kulifundisha wala kufundishwa. Tukasimama katikati ya njia tukitafakari maana yake, na gari likatufikia kabla ya maana. Hakuumia mtu, ila kikapu cha mwenzetu kiligeuka sahani. Baadaye tuliambiwa kwamba maana yake ni "Jihadharini."

Hapo yatupasa kuungama kiburi chetu. Huku kwetu sisi walimu ndio wenye kusahihisha Kiswahili cha watu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni, na kamati ya lugha ikaanza kazi yake mwaka 1930. Tangu hapo wanafunzi wangapi wa Masasi na Newala wamechapwa au wamekatiwa alama kwa jina la Kiunguja! Nasi tulikuwa tumekifundisha Kiunguja miaka mingi kabla ya kukisikia hata siku moja kikinenwa sokoni. Tulipokisikia, kilitupita kama upepo. Sisi twasema shule, wao wasema skuli. Asubuhi mtu hukwambia "sabalkheri," nawe wabaki kinywa wazi ukimtafutia jibu katika kitabu ulichokiacha nyumbani.

Siku ya tatu yule kijana alikwenda dukani peke yake kununua wino, akauliza njia. Ninyi mliozaliwa na Kiyao mwajua kwamba lugha yetu haina r, basi alisema "balabala." Walikuwapo watoto wawili mlangoni. Wakalirudia neno lile, "balabala, balabala," wakamfuata wakicheka hata pembe ya njia. Walikuwa watoto tu, wala hawakumdhuru. Lakini kwa mtu ambaye nyumbani huitwa Mwalimu, na wazee humwamkia, jambo lile lilimwingia moyoni kama mwiba. Tangu siku hiyo akawa hatoki ila kwenda darasani na kurudi. Tukimwita twende pwani, asema ana kusoma. Tukimtuma sokoni, asema kichwa chamwuma. Sisi wakubwa tukadhani ni bidii, tukamsifu.

Kumbe kichwa kilimwuma kweli. Alikuwa na homa kwa siku nne akaificha, kwa kuwa kwenda kutafuta dawa ni kwenda kusema na watu. Usiku wa siku ya tano, yapata saa mbili, tulimsikia akisema maneno yasiyo na mpango, akimwita mama yake kwa Kiyao. Tulipomgusa alikuwa moto kama jiwe la jikoni.

Sasa sikilizeni tulivyofanya, maana hapa kosa ni letu sisi wakubwa. Bibi mwenye nyumba alikuwa chumba cha pili. Hatukumwambia, tulisema, "Ni usiku, tusimsumbue." Tulikuwa tumeona duka la dawa mchana mmoja upande wa Mkunazini, katika Mji Mkongwe, tukasema, "Twalijua." Hatukulijua. Tulikuwa tumelipita mara moja tu, tena tukifuata mgongo wa mtu mwingine.

Mtu wa kwetu akitaka kujua alipo hutazama mbali. Masasi ina vilima vyake vya mawe; popote ulipo wakiona kilima cha Mtandi au Mkomaindo, nawe wajua nyumbani ni upande gani. Newala, ukisimama pale Shimo la Mungu asubuhi ukungu ukiisha kuondoka, bonde la Ruvuma lote liko chini ya macho yako. Kumbe katika Mji Mkongwe wa Unguja huoni zaidi ya hatua ishirini. Nyumba ni ndefu, njia ni nyembamba hata mtu na punda wake hawapishani pasipo kuombana radhi, na kila kichochoro hupinda kabla hujakizoea. Mbingu yenyewe ni utepe tu juu ya kichwa. Tulitafuta alama, tukasema, "Tushike milango." Mjue kwamba milango ya Unguja ni ya ajabu, ya mbao nene iliyochorwa minyororo, samaki na maua, na mingine ina misumari mikubwa ya shaba. Iliyo ya zamani ina kizingiti cha juu kilichonyoka; iliyokuja baadaye ina upinde juu. Hayo twayajua leo. Usiku ule milango yote ilikuwa ndugu wa mama mmoja.

Tukatokea baharini, Forodhani. Tukarudi ndani. Tukatokea mahali tusipopajua kabisa. Njiani watu walikuwapo, si kwamba mji ulikuwa mtupu! Walikuwapo wanywao kahawa, walikuwapo wachezao bao. Tuliwapita wote na shingo zetu zimesimama, tukitembea upesi kama watu wenye shughuli wanayoijua. Twaona aibu hata leo kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa: mwenzetu amelala anaweweseka, nasi twachelea watoto wa mjini wasiseme, "Tazameni wageni."

Katika baraza ya nyumba moja alikaa mzee mwenye kanzu na kikombe cha kahawa mkononi. Tulipompita akatwambia, "Wanangu, hii ni mara ya tatu. Mmepoteza nini?"

Tukamjibu, "Shikamoo, Babu. Hatukupoteza kitu, twanyosha miguu."

"Marahaba. Miguu yenu imekwisha nyoka tangu mara ya pili," akasema. "Mgonjwa ni nani?"

Hatujui alivyotambua; labda nyuso zetu zilisema. Basi tukamweleza, na haya ikatutoka kama jasho. Aliposikia kwamba twakaa Kikwajuni alishangaa sana. "Kikwajuni, kisha mwaja huku kutafuta dawa? Hospitali si iko Mnazi Mmoja, hatua chache na kwenu?" Wasikilizaji, jumba lile tulikuwa tukilipita kila siku! Tuliliona ni kubwa, tukasema ni la serikali, wala hatukuuliza ni la nini. Yule mzee akamwita mjukuu wake mwenye kurunzi, akamwamuru atuongoze hata Kikwajuni. Mtoto alitufikisha kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kuzunguka nyumba ya babu yake. Saa nne usiku tulikuwa tumembeba kijana wetu hospitalini. Alilazwa siku sita. Daktari hakutukaripia, ila aliuliza homa ilianza lini, na tulipomwambia hatujui alitutazama kitambo akaandika.

Aliyetukaripia ni bibi mwenye nyumba. Alisimama mlangoni asubuhi, mtandio wake kichwani, akasema, "Walimu, mgonjwa yumo katika nyumba yangu, kisha nisiambiwe? Mwaniona mimi ni mtu gani mbele ya jirani zangu?" Hapo ndipo tulipofahamu kwamba ile tuliyoiita adabu, yeye aliiona ni dharau. Huko bara na huku pwani adabu ni moja, lakini huvaa nguo mbalimbali, na mgeni asipouliza atazivaa ndani nje.

Baada ya siku mbili tukarudi kwa yule mzee kumshukuru, naye ndiye aliyetufundisha mji. Akachora kwa ncha ya bakora yake mavumbini. Mji Mkongwe, alisema, umekaa kama ulimi uliotokeza baharini. Upande wa magharibi ni bahari. Upande wa mashariki, zamani, palikuwa na mkono wa bahari ulioingia ndani, watu wakiuvuka kwa daraja. Ndiyo maana mahali pale paitwa Darajani, na mitaa iliyo ng'ambo yaitwa Ng'ambo hata leo, ijapokuwa maji yalifukiwa na sasa ni njia ya magari. "Basi," akasema, "ukipotea, chagua upande mmoja uende nao usiuache. Kabla ya robo saa utaona ama bahari ama Darajani. Hapo hujapotea tena." Tulijaribu siku ileile, tukapotea kwa kusudi mara nne, na kila mara neno lake lilikuwa kweli. Tangu hapo vichochoro havikututisha. Tulianza kuvipenda, tukaenda Shangani, tukaenda Vuga, tukasimama mbele ya Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka mwezi Desemba 2020.

Lakini jambo lililotupatanisha na watu wa mtaa wetu lilikuwa dogo sana: maji. Uani palikuwa na mfereji wa maji. Mwenzetu wa Newala alikuwa akioga kwa kibakuli kimoja. Maji ya kunawia mikono aliyatia katika ndoo, na jioni akayanyunyizia mche wa mpapai. Bibi mwenye nyumba alimtazama siku nyingi, hata akashindwa kunyamaza. "Mwalimu, maji haya hukupimiwa. Mbona wayafanyia ubahili?"

Ndipo mwenzetu alipomweleza habari za uwanda wa juu wa Makonde. Ninyi wa Newala mwazijua, bali yeye alizisikia kwa mara ya kwanza. Kwamba mvua hunyesha na ardhi ni njema kwa muhogo na mikorosho, lakini mchanga huyanywa maji yote, hapana kijito wala kisima juu ya uwanda. Kwamba mama zetu waliamka kabla ya jogoo wakashuka magenge hata bondeni, wakajaza mitungi, wakapanda tena na jua kichwani; na mtoto aliyemwaga maji alilia kabla ya kupigwa, kwa kuwa alijua mwenyewe alichomwaga. Bibi alinyamaza. Kisha akasema kwamba naye mji wake haukuwa na maji mema siku zote. Wazee walisimulia jinsi watu walivyokunywa maji ya visima vibaya mpaka Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alipoyaleta kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Jioni ile aliwaeleza jirani zake habari ya Newala. Kesho yake, tulipopita, watu ambao hawakupata kutusemesha walituita, "Walimu wa maji! Karibuni kahawa." Jina hilo halikututoka mpaka tulipoondoka, wala hatukutaka litutoke.

Kijana wetu alipopata nguvu tulimchukua Jumapili moja kwenda Mkunazini, kanisani. Pale ndipo palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873; na siku ya Noeli ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Steere ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Madhabahu, yasemwa, imewekwa mahali uliposimama mti waliofungwa watumwa wakapigwa. Uko ndani msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake.

Kijana alisimama mbele ya madhabahu muda mrefu. Nasi tulijua anawaza nini, maana kila mtoto wa shule Masasi amefundishwa habari hii: kwamba mwishoni mwa mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake, wakashuka Lindi, wakaenda kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao, upande wa Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi waliiona nchi ni nzuri, wakakaa. Watu hao walikuwa wamekuwa wageni mara mbili. Walitekwa utotoni wakaingizwa katika mji huu wasioujua hata neno la lugha yake. Na hofu iliyoenea siku zile ilikuwa kwamba Wazungu hula watu, hata aliyeokolewa chomboni na manowari ya Waingereza alidhani ameokolewa ili aliwe. Kisha, walipokwisha kuuzoea mji, wakauacha tena wakaanza upya kati ya vilima tusivyoviogopa sisi.

Baadhi ya watoto wa namna hiyo waliandika habari zao wenyewe katika skuli ya Kiungani, nje kidogo ya mji, na Bwana A. C. Madan akazitia katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1887. Huko Kiungani ndiko walikofundishwa walimu wa kwanza wengi wa kwetu, mpaka chuo kilipohamishiwa Minaki, bara, katika miaka ya 1920. Na mmoja aliyepita hapo ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa. Alipelekwa kusoma Uingereza, katika mji wa Canterbury, akarudi, akafanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Tukamwambia kijana, "Huyu naye alizaliwa na Kiyao. Je, wadhani watoto wa Canterbury hawakumcheka?"

Hakutujibu. Lakini tulipotoka alitutangulia njiani, na katika duka lilelile la wino akaingia, nasi tukangoja nje. Tukamsikia akiuliza kwa sauti kubwa, "Barabara ya Vuga ni ipi?" Aliitamka kwa shida, na r ya pili ikamponyoka. Mwenye duka akatoka mwenyewe kibarazani akamwonyesha kwa mkono. Alikuwa akiijua njia ya Vuga tangu zamani. Alikwenda kuuliza tu.

Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Aliandika daftari zima la maneno ya Unguja tusiyokuwa nayo, pamoja na majina ya mitaa na mahali alipoyasikia. Wale watoto wawili walimzoea. Aliwafundisha kuhesabu kwa Kiyao, na zamu ya kukosea matamshi ikawa yao. Sisi wakubwa tulikuwa tukimwuliza njia, naye alitujibu bila kutucheka, jambo ambalo hatukulistahili.

Miezi sita ilipokwisha, bibi mwenye nyumba alitufungia mikate katika kitambaa, akatuonya tusipate homa njiani bila kumwambia mtu. Tulikwenda bandarini kwa miguu, tukakatiza Mji Mkongwe badala ya kuuzunguka. Karibu na Malindi tukasikia kwa nyuma yetu gari la hamali, na mwenye gari alipoanza tu kusema "Ha—" sisi sote watatu tulikuwa tumekwisha ruka kando.